Sauti ya Mama wa Kijijini

Sifa, mutoto wangu,

Umepanda ku Munigi kuaga rafiki zako, na mimi nimebaki na valizi yako ya safari karibu na mulango. Nimeifungua mara mbili, nikaifunga, sikutia kitu. Mambo ya kula vizuri na ya kutomufungulia mutu usiyemujua sitayaandika hapa. Una miaka kumi na tisa, na tangu una kumi ni wewe unanikumbusha kuzima makala ya jiko mbele ya kulala. Nataka tu kukujibu lile swali lako.

Juzi ulikuja jikoni na telefone mukononi, unasoma ile karatasi ambayo studio ya Kinshasa ilikutumia. Ulikuwa na furaha mpaka ukakanyaga maharagi niliyoanika.

"Mama, sikia. Kazi ya kwanza bananipa filamu ya vita, niitie sauti ya Kiswahili. Niko mama wa kijijini. Anatokea mara tatu."

"Mara tatu ni mingi," nilikuambia.

"Banataka aseme sawa batu ba kwenu Rutshuru. Baliandika hapa: ichekeshe. Ule mudomo wa koko, namna mama yako anasemaka. Nifanye namna gani?"

Nilisema nitakujibu, alafu nikaanza kukoroga sufuria ambayo haikuwa hata ku moto. Ulinitazama, ukacheka, ukaenda zako. Ulifikiri nimechoka. Sikuwa nimechoka. Uliniuliza kitu ambacho mimi najua kufanya kuliko mutu yeyote wa muji huu, na ndiyo sababu nilikimbilia sufuria.

Hakuna mutu alikuambia kama mama yako alishikaka mikro ya kusemea filamu.

Kulikuwa nyumba ya video ku kartier, hapa mutaani kwetu, ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Madirisha yalifunikwa na magunia ili giza liingie muchana. Ndani kulikuwa mabenchi kumi na televizio moja nene, na nyuma jenereta iliyonguruma vile mutu alipaswa kulia kwa sauti ili ajulikane analia. Sijui kama nitawahi kupenda tena nyumba yoyote sawa ile. Harufu ya karanga na mafuta ya jenereta, na joto la watu wamebanana. Mpaka leo nikisikia jenereta inawaka mahali, moyo wangu unakaa tayari, unangoja filamu.

Zilikuja filamu za kila inchi. Za kupigana kwa miguu, za mapenzi na kuimba ku mlima, za askari wa inchi kubwa. Yule mukubwa wa filamu tulimuita akteri, na sheria yake ilijulikana na kila mutoto: akteri hakufaka. Mutu akiingia amechelewa, swali lake la kwanza lilikuwa, "Akteri ni nani?" Wakimuonyesha, anakaa na roho baridi. Hao wengine wote wanaweza kufa.

Mwenye kutufasiria aliitwa Papa Kizito. Alikaa karibu ya tele na mikro yake, anasema Kiswahili juu ya sauti za kweli. Alijua Kifaransa cha shule, lakini Kichina na Kihindi hakujua hata salamu. Alitazama filamu mara moja peke yake asubuhi, alafu muchana anawapa wale watu maneno ya kwetu. Mukubwa wa polisi wa Uchina aliulizia bei ya samaki sambaza. Bibi harusi wa Uhindi aliapa hataolewa na mutu wa kartier ya ngambo. Na kila mutu aliamini, juu mudomo ku tele ulifunguka na maneno yalikuja.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano. Shule ilikuwa imeisha kwangu ku mwaka wa pili wa sekondari. Mama yangu, koko yako Venansia, alipika mandazi, mimi niliyauza pale ku mulango wa video. Siku moja Papa Kizito alikuwa na mafua, sauti za wanawake zilimushinda, watu wakaanza kupiga filimbi. Akageuka.

"Weye wa mandazi, kuya hapa. Unajua kusema sawa mama tajiri?"

"Najua kusema sawa mama yeyote."

"Onyesha basi, mbele banivunjie mabenchi."

Yule mama tajiri wa kwenye filamu nilimupa Kiswahili cha wale wanaorudi kutoka Ulaya, na Kifaransa katikati. Ikapita. Alafu akaingia mufanyakazi wake wa nyumba, amebeba kuku, na Papa Kizito akanisukuma na kiwiko: huyu achekeshe. Sikufikiri hata kidogo. Ku kinywa changu kulitoka mama yangu. Namna yake ya kuvuta maneno, namna Kinyarwanda cha kwetu Rutshuru kinaingia ndani ya Kiswahili chake na kukipindisha. Niliongeza na sauti ya kuku.

Nyumba nzima ilianguka. Kuna mutu alitoka inje kwa kucheka. Tangu siku ile nikawa na kazi, na yule mutu niliyemuumba akawa na jina: Mama wa Kalengera. Filamu ikitoka inchi yoyote, mutumishi akionekana, ao mujinga, ao mwanamuke wa shamba anayeshangaa gari, watu wa mabenchi ya mbele walisema, "Huyo, huyo, Mama wa Kalengera amefika," nami nilimuleta.

Kalengera, Sifa. Kule nilizaliwa. Kule tulitoka mbio nikiwa na miaka sita, mama na godoro ku kichwa, mimi na mudogo wangu ku mugongo.

Nataka nikuambie kitu ambacho ilinichukua miaka kukiona, na hakuna mutu alinifundisha. Ndani ya zile filamu tulikuwamo. Ulikuwa ukiona askari wa inchi kubwa anaingia ku inchi ya joto, nyumba za mabati na vumbi, watu wanakimbia na magodoro. Hawana majina. Wanalia kwa pamoja, luga yao hakuna mutu anaifasiri, hata Papa Kizito hakujisumbua, alisema tu "wanalialia hapo." Askari anapita katikati yao, anamutafuta adui wake. Na sisi, nyumba nzima, tuliokimbia na magodoro yetu, tulimupigia makofi yule anayepita. Sikumbuki hata mutu mumoja kusema, "Tazama, yule mama wa nyuma anafanana na sisi." Macho yetu yalikuwa ndani ya macho ya akteri. Tulijitazama kutoka kwake, na tukajiona wadogo, na tukafurahi.

Usifikiri ilibaki ku benchi. Mimi nilitoka na filamu, nikatembea nayo. Baba yako nilimupenda kwa kutembea kwake. Alivaa koti la ngozi ku jua la saa sita, alisema maneno machache, alinifuata nyuma hata nikimukatalia, na mimi nilijua maana yake, juu nilikuwa nimefasiria filamu zaidi ya mia ambamo musichana anakatala mara tatu alafu anakubali. Alipoinua mukono mara ya kwanza, nilingoja muziki. Kweli, nilisimama pale ku ukuta nikingoja ule muziki wa pole, ambapo anapiga magoti na kulia. Haukuja. Nilikaa naye mwaka mzima nikiungoja. Alipoenda nilikuwa na mimba yako ya miezi mitano, na kitu kimoja pekee nashukuru juu ya ile filamu yangu ni wewe.

Lakini si hapo ndipo kosa langu lipo. Kosa langu lina siku yake.

Ilikuwa Jumapili, siku ya Mungu, nyumba imejaa mpaka watoto wanakaa juu ya mapaja ya watu wasiowajua. Mama Zaituni, jirani yetu wa Maniema anayeuzaka vitambaa vya vikwembe, alikuwa amemuambia mama yangu, "Weye, mutoto wako ni nyota kule video, hauendi hata kumuona?" Mama alitia mandazi ku beseni, akavaa kikwembe cha kanisa, akaja. Mimi nilikuwa katikati ya Mama wa Kalengera. Ku tele mwanamuke wa shamba alikuwa anauliza njia ndani ya muji. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Nikainua macho, nikamuona mama yangu amesimama ku mulango na beseni.

Nilimuona, Sifa. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kumuachia Papa Kizito mikro. Niliendelea. Nyumba ilikuwa yangu, na niliendelea mpaka mwisho, na hata niliongeza kuku.

Nyumbani aliniuliza, pole pole, kwa Kinyarwanda, kama ni kweli anasemaka vile.

"Ni filamu tu, mama," nikajibu.

Toka pale, ku soko mama hakusema tena, alionyesha vitu na vidole tu. Unakumbuka ukiwa mudogo uliniuliza, "Koko iko na midomo mbili?" Uliona nyumbani anakupigia hadisi mpaka unasinzia, na barabarani anakuwa bubu. Ulicheka, na mimi nilicheka pia, nikabadilisha mazungumzo. Hakuzaliwa vile. Mimi nilimupa ule mudomo wa pili.

Alafu muji ulichafuka. Habari za vita kule kaskazini zilikuwa mbaya kila siku, watu waliulizana nani ni nani, na mwenye mudomo wa Kinyarwanda alishukiwa kuwa wa adui. Vijana wa kartier walifunga kamba barabarani, wanatazama nani anapita. Mama alitoka kuuza, wakamusimamisha. Aliwaambia jina lake na mahali anakaa. Kijana mumoja, wa benchi la mbele kabisa, alirudilia maneno yake kwa ile sauti yangu. Sauti yangu yote, na kuvuta kwake, na pumzi ninayoweka mwisho. Mama Zaituni alikuwa pale karibu, ni yeye alinipigia hadisi. Alisema wenzake wawili walianza kucheka kwa mazoea, alafu kicheko kikakatika, na yule kijana akauliza, "Unatoka wapi weye? Unapelekea nani habari?"

Walimukalisha ku jua kutoka asubuhi mpaka saa nane. Mama Zaituni ndiye alienda kusimama mbele yao, mikono ku kiuno, akasema, "Huyu ni jirani yangu. Kama munamutaka, munitie na mie ku kamba." Mama akarudi. Beseni halikurudi. Na mandazi hakupika tena.

Nimefikiri juu ya siku ile mara nyingi kuliko ninavyofikiri juu ya baba yako. Wale vijana hawakuanza kwa kumuogopa mama yangu. Walianza kwa kumucheka. Kwanza alikuwa mutu wa kuchekwa, na mutu wa kuchekwa hana nyumba wala watoto, ana ile sauti tu. Siku walipotaka mutu wa kumushuku, alikuwa tayari kwa mukono wao, mwepesi, bila jina. Na mimi ndiye nilimuandaa. Hakuna mutu wa serikali alinituma kufanya vile, wala Papa Kizito hakuwa mutu mubaya. Nilitaka tu muji unipende, na nilijua muji unapenda nini, juu filamu zote zilishatuonyesha.

Utauliza kama niliacha mikro. Niliacha baada ya wiki tatu. Sitakudanganya kusema ilikuwa siku ileile.

Ndiyo sababu nilikoroga sufuria baridi. Na usiku uleule ulinisomea zile mara tatu za yule mama wako. Mara ya kwanza anafukuza kuku, watu wacheke. Mara ya pili anawaonyesha adui njia ya kupita. Mara ya tatu amelala chini na akteri anaruka juu yake kukimbia mbele, na muziki. Nilikuuliza kwa nini aliwaonyesha njia, ukatafuta ku karatasi, ukasema haikuandikwa. Alafu ukaniona uso, ukasema, "Ni filamu tu, mama."

Huwezi kujua namna nilivyosikia maneno yale.

Unapenda kazi hii, najua. Ulikuwa na miaka mitano ukisimama mbele ya tele ya Mama Zaituni unafanya sauti za wote, hata za mbwa, hata za mutu anayetangaza sabuni. Wenzako walicheka, mimi nilienda inje kupanguza macho, nusu kwa furaha na nusu kwa woga. Sikukukataza hata siku moja. Na sasa sikuambii uikatae kazi. Miye mwenyewe niliendelea huku ninamuona mama yangu, basi nitakuhukumu na nini?

Nakuambia tu kile ninachojua cha kazi. Papa Kizito alikuwa anasema picha ni ya mwenye filamu, lakini sauti ni yako. Nimeona kwa macho yangu: mutu muzima anabadilika, picha ileile, juu ya namna moja ya kuvuta pumzi. Mwanamuke anayewaonyesha watu wa bunduki njia hawezi kuwa mwepesi. Labda mutoto wake yuko nyuma ya nyumba. Labda wameshika mukono wake na haionekani ku picha. Karatasi haisemi, lakini sauti inaweza kusema. Nyamaza kidogo mbele ya kujibu. Acha neno la kwanza likwame. Na ule mudomo wa kwetu usiufiche, nisikie vizuri, usiufiche hata kidogo. Uutumie kama koko anavyoutumia akiwa na hasira, ao akimubembeleza mugonjwa. Kinshasa watakucheka hata wewe kwa Kiswahili chako na Lingala yako ya kujifunza juzi. Hapo utajua kama kicheko ni cha ndugu ao ni cha wale wengine. Kinajulikana. Cha ndugu kinangoja ujibu.

Kama wakikatala, kama wakisema, "Hapana dada, chekesha," hapo mimi sitakuwapo. Utachagua. Nitakupenda kwa namna yoyote utakayochagua, lakini sitakudanganya kama itakuwa kitu kidogo.

Leo asubuhi, wakati unapanga nguo, nilikuambia naenda kutafuta makala. Nilienda Kanyaruchinya kwa koko yako. Nilimukuta anachagua maharagi mbele ya nyumba. Nilikaa chini, nikachagua pamoja naye mpaka sahani ikaisha, nikamuambia.

"Mama, ile siku ku video, nilikuona ku mulango."

"Najua," akasema. "Na mimi nilikuona unaniona."

Miaka yote ile, Sifa, alijua. Nilitaka kuomba musamaha. Yeye akatupa jiwe lililokuwa ndani ya maharagi.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Isipokuwa ile kuku. Mie sikuwa na ile sauti ya kuku."

Tulicheka. Alafu hatukucheka tena, nikalia ku kikwembe chake kama mutoto, mimi mama muzima, na jirani wakapita wakatazama kando. Nilipomaliza nilimupigia hadisi ya filamu yako, mara zote tatu. Alisikiliza kama anavyosikilizaka habari ya mutu wa familia.

"Huyo mama anaitwa nani?"

"Hana jina. Banaandika tu, Mama wa Kijijini."

"Na anakufa?"

"Anakufa."

"Banamuzika?"

Nilimuambia filamu inaendelea na akteri, haionyeshi. Alafu akasema nikuambie hivi, kwa maneno yake: mutoto akifika kule, mbele ya kufungua mudomo, amuulize mwenye filamu ni nani alimuzika yule mama. Kama mwenye filamu anajua, basi mutoto aseme zile sauti kwa amani, hata za kuchekesha. Kama hajui, mutoto amusaidie kutafuta.

Atakuja asubuhi kukuaga. Amesema atakuongelesha mbele ya watu wote, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili chake, na mimi nitamujibu vilevile, kwa sauti, jambo ambalo sijafanya barabarani tangu nilikuwa musichana. Utatuvumilia.

Swali lake ndilo jibu langu, mutoto wangu, sikuwa na lingine la kukupa. Uliza. Usiogope wakikutazama. Na siku utakayopata jibu, hata kama ni baya, tupigie, tuwe wote wawili tunasikia.

Mama yako